Pembe ya Maji na Ndevu za Mzee Mbonde

Nyinyi mnaoanza kufundisha kemia, ombi langu la kwanza ni dogo: msitengeneze molekuli kwa ndulele, yale matunda madogo ya mviringo ya porini, siku ya Ijumaa. Ukizichoma njiti za chelewa Ijumaa, Jumatatu utakuta ndulele zimesinyaa, njiti zimelegea, na ile methani uliyoiacha imesimama vizuri imelala mezani kama kuku aliyekufa. Mimi nilipita mezani bila kuangalia, nikawaambia wanafunzi wapime pembe. Wakapima. Mmoja akapata digrii tisini, mwingine mia na thelathini, na wote wakaandika, kwa sababu mwalimu kasema pimeni. Nilisahihisha madaftari yale kwa hasira mpaka nilipofika la kumi, ndipo nikaenda kuangalia meza. Kosa lilikuwa langu, kalamu nyekundu ilikuwa kwao.

Naanza na hilo kwa sababu linachekesha. Lililobaki halichekeshi sana, na kila nikikaribia kuliandika naiweka kalamu chini. Nimestaafu, sina tena kengele wala mkaguzi wa kumwogopa, lakini hofu haijui kustaafu.

Nilitoka chuo kikuu nikiwa na shahada, nywele za duara kubwa kama mzinga wa nyuki, na chanuo la plastiki limechomekwa humo humo. Nilikuwa mtu wa bara, mgeni wa huku Rufiji, na nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Niliuliza kwa nini shule ina kengele wakati kila mtu anaona jua. Niliuliza kwa nini mkuu wa shule anahesabu chaki. Mtu akiniambia jambo, jibu langu lilikuwa moja: "Umejuaje?" Nilijiona mjanja. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mtu angenirudishia swali lile lile, nami nikose pa kujificha.

Shule yetu ilikuwa kando ya barabara ya Kibiti, si mbali na Mchukwi. Maabara ilikuwa na mabomba yasiyotoa maji, mizani moja, na kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake ulipotea zamani. Picha za molekuli zilikuwa kwenye kitabu kimoja, na kwenye karatasi kila kitu ni bapa. Hapo ndipo penye shida ya somo hili. Ukiichora methani ubaoni, mwanafunzi anaona msalaba: kaboni katikati, haidrojeni nne pembeni. Sivyo ilivyo. Molekuli haina sababu ya kujibana kwenye ubao wako. Zile haidrojeni nne zinakimbiana, na zikiachiwa nafasi pande zote zinasimama kwenye kona nne za umbo ambalo ukiliweka chini kitako chake kina pande tatu, na ncha moja iko juu. Nilieleza hivyo kwa mwezi mzima, na mwezi mzima wanafunzi walinitazama kama watu wanaosubiri mvua.

Aliyeniokoa ni mhudumu wa maabara, Mzee Athumani. Alikuwa mtu wa delta, amesoma mpaka darasa la nne, na mikoko yote aliijua kwa majina. Siku moja alirudi kutoka kwao na tunda la mkomafi, kubwa na la mviringo kama mpira. Alilibamiza sakafuni, likapasuka vipande, kila kipande na kona zake.

"Mwalimu," akasema, "hilo dude lako la kona nne ndilo hili. Na ukitaka kulirudisha tunda lilivyokuwa, utaomba likizo."

Toka siku hiyo tukaacha kitabu. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, lakini maumbo niliyafundisha kwa Kiswahili, mlango umefungwa. Kaboni dioksidi ilikuwa mzega: mti mmoja begani, mzigo huku na mzigo kule, umenyooka. Amonia ilikuwa chungu kimekaa juu ya mafiga matatu. Methani kipande cha mkomafi. Na maji yalikuwa mzega uliovunjika katikati, ndoo zote mbili zimeinama upande mmoja.

Kwa nini mzega wa maji umevunjika? Niliwaambia wafikirie kinu kilichopinduliwa, kimekaliwa na watu wanne migongo imegusana. Wawili wamepakata watoto, ndio zile haidrojeni. Wawili hawana mtoto, lakini wana makalio mapana. Kila mtu anamsukuma mwenzake. Ukitazama watoto peke yao utaona wamesogezwa karibu karibu, na anayewasukuma humwoni. Hao wasio na watoto ni jozi za elektroni zisizofungana na kitu. Ndizo zinazoipinda molekuli ya maji mpaka digrii mia na nne na nusu.

Darasa lilicheka, lakini lilielewa. Nawaambia hili kama fundi: mwanafunzi hasahau makalio.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Ilikuwa kidato cha nne, mtihani wa mwisho umebaki wiki tano. Kulikuwa na msichana mmoja, Mwajuma, kutoka Mtunda, analelewa na babu yake. Alikuwa na ugonjwa kama wangu, ila wake ulikuwa na adabu. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, maji ya mto na maji ya kisima, umbo lake moja?"

"Moja."

"Na maji ya kombe, yaliyosomewa?"

"Moja. Hilo la kusomewa ni la dini, siligusi. Molekuli ni ile ile."

"Na yale ya vita vya Maji Maji?"

Waliokuwa wanaandika wakainua vichwa. Huku Rufiji vita vile si sura ya kitabu. Watu wanajua nani alikwenda, nani hakurudi, mji gani ulichomwa, na njaa iliyofuata ilivukwa kwa mizizi gani. Waliambiwa kwamba aliyepakwa maji ya dawa, risasi ya Mdachi ingemgeukia kuwa maji. Wakapakwa, wakaenda. Mimi hayo nilikuwa nimeyasoma, na nilidhani kusoma kunatosha.

"Yale yale," nikajibu. "Digrii mia na nne na nusu, na risasi haijui digrii."

Wakacheka. Kicheko kile kilinipanda kichwani. Mwajuma hakucheka. Akasema polepole, "Baba yake babu yangu alikufa kwenye vita hivyo. Babu alikuwa bado tumboni."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema pole. Nikasema hivi: "Basi baba yake babu yako alihitaji kipindi kimoja cha kemia."

Sijawahi kuchekewa namna ile, kabla wala baada. Walipiga madawati. Mwajuma alifunga daftari lake, akaweka kalamu juu yake, akakaa hivyo mpaka kengele.

Jumatatu dawati lake lilikuwa tupu. Jumanne pia. Jumatano mwanafunzi mwingine wa Mtunda aliniambia, "Babu yake kasema kama shule inafundisha hivyo, imetosha." Mkuu wa shule aliniita. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. "Mwalimu," akasema, "tulikuomba utuletee kemia. Umetuletea na vita. Nenda kamrudishe mtoto. Mimi nikienda nitakuwa natumia cheo, na mzee huyo cheo hakimwingii."

Vijana, kuna hofu ya kutojua utakachokula, na kuna hofu ya kujua kwamba mtoto amesoma miaka minne na wewe umemfungia mlango kwa sentensi moja. Nilihesabu siku kwenye kalenda ya ofisini mpaka tarehe zikachafuka kwa vidole. Nilianza kuandika ubaoni nikasahau nilichokuwa naandika. Nilimwambia Mzee Athumani kwamba nitakwenda Mtunda peke yangu kuomba radhi.

"Peke yako?" akauliza. "Unakwenda kuomba radhi au kujitangaza?"

Akanieleza. Kwao mtu aliyekosea hajipeleki mwenyewe. Akijipeleka atalipamba kosa lake, atalipunguza hapa, atalisukuma pale. Anapelekwa na mtani wa wale aliowakosea, kwa sababu mtani hana cha kuogopa, atalisema kosa lilivyo. "Na bahati yako," akasema, "Mbonde, huyo babu yake, ni mtani wangu wa ukoo. Nimemtukana miaka arobaini. Jumamosi tutaondoka."

Tulikwenda kwa baiskeli, jua la msimu wa korosho, mchanga umelegea. Nilibeba mfuko. Ndani nilikuwa na molekuli ya maji ya ndulele mbichi, niliyoitengeneza asubuhi ile ile, maana nilikuwa nimejifunza, na chupa ndogo ya mafuta ya taa. Chanuo lilikuwa kichwani kama kawaida. Mzee Athumani aliniuliza mafuta ya taa ya nini. Nikamwambia ni ya kuthibitisha. Akatingisha kichwa, akaendelea kukanyaga pedeli.

Tulimkuta Mzee Mbonde kibarazani, anakokonyoa korosho kwenye mabibo. Mwajuma alikuwa naye, vidole vimepiga weusi kwa utomvu. Aliponiona akainuka, akaingia ndani bila haraka.

"Hodi wenye mji!" Mzee Athumani akapaza sauti. "Mbonde, hujafa tu?"

"Nitakufa vipi na wewe hujanitangulia ukanifagilie njia?" mzee akajibu bila kuinua macho. "Karibuni. Umekuja na nani huyo mwenye kichwa kama tenga?"

"Huyu ndiye mwalimu. Ndiye aliyemtukana baba yako mbele ya watoto arobaini."

Nilitamani mchanga unimeze. Lakini ndivyo ilivyotakiwa. Hakuna aliyebaki na kitu cha kuficha, nilikuwa uchi kabla sijakalia mkeka.

Mzee akaniangalia. Alikuwa na ndevu nyeupe ndefu, kavu kama pamba ya msufi. "Sema ulivyosema," akaniambia.

"Mzee, nimekuja kuomba—"

"Utaomba. Kwanza sema ulivyosema."

Nikasema. Sentensi ile niliyoitoa darasani kwa mkupuo, pale kibarazani ilinichukua muda kama kupanda kilima na gunia. Nilipomaliza, mzee akasema, "Walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akaokota bibo jingine, akakokonyoa korosho yake, akaitupa kapuni. "Mwajuma kaniambia maji yana umbo. Yamevunjika kama mzega. Kweli?"

"Kweli, mzee." Nikatoa ndulele zangu, nikamwonyesha. Nilifurahi kupata pa kusimama. Nilieleza kinu, watoto, makalio. Mzee Athumani alicheka tena ingawa alikwisha kuisikia mara kumi.

Mzee Mbonde aliigeuza ile molekuli mkononi. "Umeliona?"

"Nini, mzee?"

"Hili umbo. Umeliona kwa macho?"

"Halionekani kwa macho. Ni dogo mno."

"Kwa darubini?"

"Darubini yetu haifiki."

"Sasa umejuaje?"

Swali langu. Swali langu mwenyewe, katika kinywa cha mzee wa Mtunda mwenye korosho mapajani. Nikasema, "Nilifundishwa chuoni."

"Na aliyekufundisha, yeye aliliona?"

"Sidhani."

"Basi wewe na baba yangu ni mmoja," akasema. "Na yeye aliambiwa habari ya maji na mtu aliyemwamini. Tofauti ni kwamba wewe hukupigwa risasi."

Nikaushika mfuko wangu. Nikasema kwa haraka, na sauti yangu nikaisikia imepanda, "Naweza kukuonyesha, mzee. Sasa hivi."

Somo lenyewe ni hili, na wengi wenu mmelifanya. Unasugua chanuo la plastiki kwenye nywele, linapata umeme. Unamimina maji kwa mkondo mwembamba, unasogeza chanuo karibu bila kugusa. Mkondo unapinda kuelekea chanuo. Nilivyofundishwa ni kwamba maji yanapinda kwa sababu molekuli yake imevunjika kama mzega: upande mmoja una umeme huu, upande wa pili umeme ule, kwa hiyo inavutika. Ingekuwa imenyooka, pande zingelingana na isingevutika.

"Mke wangu," mzee akaita ndani, maana ndivyo babu anavyomwita mjukuu, "lete birika."

Mwajuma alileta birika la kutawadhia, lile la mdomo mwembamba, akasimama nalo. Hakunisalimia. Nikachomoa chanuo, nikasugua kichwa changu kwa nguvu. "Mimina," nikasema. Akamimina. Nikasogeza chanuo.

Maji yakashuka chini, yamenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Nikasugua tena. Nikasogeza mpaka nikalilowanisha chanuo. Nikalipangusa kwa shati, nikasugua, nikasogeza. Chini, moja kwa moja.

"Mwalimu," Mzee Mbonde akasema kwa upole wa kuumiza, "na yako yamekukatalia."

Mzee Athumani alikuwa ameshika mbavu. "Yatakubali vipi? Kichwa chenyewe kina mafuta ya nazi kama karai la vitumbua!"

Kumbe. Asubuhi ile, ili nionekane mtu wa heshima, nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi mpaka yakachuruzika shingoni. Umeme haukai kwenye nywele za mafuta. Hilo liandikeni kwenye maandalio yenu ya somo: ukienda kuomba radhi kwa njia ya fizikia, usijipambe.

Nilitazama nywele za Mzee Athumani. Kipara. Mwajuma alikuwa amejitanda, na hata angekuwa hajajitanda nisingethubutu. Nikashusha chanuo. Sikuwa na kitu kingine. Siku zilizobaki mpaka mtihani nilikuwa nazijua kwa idadi, na nilizihesabu pale pale, nimesimama, kama mtu anayehesabu ngazi wakati anaanguka.

Ndipo mzee akalinyoosha taya lake. "Jaribu hapa. Hizi hazijaona mafuta tangu mke wangu afariki."

"Ndevu, mzee?"

"Au zinahitaji shahada?"

Tuliosha chanuo kwa sabuni, tukalikausha juani. Nikapiga magoti, nikamchana mzee ndevu, mara kumi, mara ishirini. Zilianza kulia kidogo, tetete, kama moto unaoshika majani. Mwajuma akamimina. Nikasogeza chanuo.

Mkondo ukapinda. Ulijikunja kuelekea chanuo kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mwajuma akainama kuutazama. Mzee akaninyang'anya chanuo, akajichana mwenyewe, akajaribu. Ukapinda. Akajaribu tena, mpaka birika likaisha, Mwajuma akaenda kujaza. Kisha nikatoa chupa ya mafuta ya taa, niliyoitoboa kifuniko kwa msumari. Mafuta yakadondoka yamenyooka, hayakulijali chanuo hata kidogo. Nikaeleza nilivyofundishwa.

Mzee aliweka chanuo juu ya kapu la korosho. "Na yale ya dawa," akauliza, "walitia na mafuta ya mbarika, na mtama. Ukiyachuja, yangepinda hivi hivi?"

"Hivi hivi, mzee."

"Hayana tofauti."

"Hayana."

Akalitazama birika. "Basi yalikuwa maji," akasema. Alisema kama mtu aliyepewa habari za msafiri baada ya miaka mingi. Halafu akaniangalia. "Wao hawakuwa na chanuo, mwalimu. Walijaribu kwa vifua vyao. Na aliyeona kwamba dawa imeshindwa hakurudi kusema. Ndiyo maana waliokuwa nyuma waliendelea kwenda. Usimcheke mtu kwa kukosa majibu ambayo aliyeyapata amekufa nayo."

Nikasema, "Nisamehe, mzee."

"Mimi nimekusamehe ulipopiga magoti kwenye ndevu zangu. Jumatatu mtoto atarudi. Lakini hilo neno hukulisema hapa. Nenda ukaliondoe mbele ya waliolisikia. Wote. Asibaki hata mmoja nalo."

Jumatatu Mwajuma alikuwa dawatini. Nilisimama mbele ya meza. Nikawaambia niliwacheka watu waliokufa, na nikawaambia habari ya chanuo na mafuta ya nazi. "Nilisema kipindi kimoja cha kemia kingetosha," nikasema. "Mimi nina miaka mitatu ya kemia, na kwa Mzee Mbonde haikunitosha." Mmoja alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Wawili walikuwa wagonjwa siku hiyo. Nikawafuata makwao, mmoja mpaka Umwe, nikawaambia vile vile.

Mwajuma alifanya mtihani, akafaulu. Baadaye aliniambia kwamba swali la amonia lilipokuja, kwanza alichora mafiga na chungu kwenye karatasi ya kufanyia hesabu, akayatazama, akayafuta, ndipo akaandika jibu.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, na chanuo sikuliacha. Kila mwaka, kila darasa: birika, chanuo, mafuta ya taa. Nilikuwa nachagua mwanafunzi mwenye nywele kavu kuliko wote. Mzee Mbonde naye alifanya makubwa. Niliambiwa kila arusi Mtunda aliagiza chanuo na birika, akawaonyesha wageni ndevu zinavyovuta maji. Nikipita kule, wanawake walikuwa wakisema, "Yule mwalimu wa ndevu huyo."

Sasa nyinyi mna simu. Unagusa, molekuli inazunguka, unaiona chini na juu, yenye kona sita, yenye kona tano, rangi zote. Nazipenda. Hazisinyai Jumatatu. Lakini nikiziangalia nasikia sauti ya mzee: umeliona, au umechorewa?

Mwaka niliostaafu Mwajuma alikuja kunitembelea. Yeye sasa anafundisha kemia chuo kikuu. Nilikuwa nimejenga Umwe, na alinikuta nimekaa na kitukuu wa jirani, birika mkononi, namwonyesha maji yanavyopinda. Alisubiri mtoto aondoke. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga.

"Mwalimu," akasema, "umbo ni kweli. Lakini chanuo halithibitishi."

"Halithibitishi nini?"

"Kwamba molekuli imepinda. Maji ya kisimani yana chumvi chumvi, yanapitisha umeme. Chanuo likisogea, mkondo unakusanya umeme wa upande wa pili, ndio unaovutwa. Hata kama molekuli ingekuwa imenyooka kama mzega mzima, mradi kimiminika kinapitisha umeme, mkondo ungepinda. Na mafuta ya taa hayapitishi. Ndiyo maana yalinyooka."

Nililiweka birika chini. Nilijaribu kutafuta tundu kwenye maneno yake, kwa ustadi wote wa ujanani. Sikulipata.

"Umejua lini?"

"Mwaka wa pili chuoni."

"Mwajuma! Miaka yote hiyo? Kwa nini hukuniambia?"

"Babu alikuwa hai," akasema. "Na ulikuwa ukipita Mtunda. Ungejua, usingeweza kumficha."

Angekuwa hai ningekwenda Mtunda kwa baiskeli kesho yake, na mtani mbele, nikamwambia: mzee, maji ni maji, hilo halijabadilika, lakini nilichokuonyesha hakikuwa ushahidi wake. Nilikuletea maneno ya kuambiwa, nikayavika birika. Sijui angesema nini. Labda angeuliza tu, "Umejuaje?"

Nikamuuliza Mwajuma: "Wewe, umeliona?"

Akacheka. "Sijaliona." Akaketi mkekani, akanieleza wanavyopitisha miali ndani ya mvuke wa maji na kupima ile inayomezwa, na kwamba molekuli iliyonyooka ingemeza kwa namna nyingine. Nilimfuata vizuri mpaka katikati. Baadaye nikapotea, nikamrudisha, nikapotea tena mahali pale pale. Bado nipo hapo. Nimeandika maswali saba kwenye daftari, na akija tena nitamsomea.

Lakini kuna jambo lisilongoja niwe nimeelewa yote. Madarasa niliyoyaonyesha chanuo ni mengi, na wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa humo, na baadhi yenu sasa mnawaonyesha wenzenu. Niliowajua walipo nimewaandikia. Wengine sijui walipo, na hilo ndilo linalonifanya nisitulie, nakumbuka sura na sikumbuki majina. Kama ulikaa darasani kwangu kando ya barabara ile ya Kibiti, ukaona maji yakijikunja kuelekea chanuo, nami nikakwambia umeliona umbo la maji, sikia: maji yamepinda, digrii mia na nne na nusu, hilo shika. Hukuliona umbo lake, wala mimi sikuliona. Neno hilo naliondoa, mbele yenu mliolisikia.